Nyumba ya Kwihara na soko la Nyangwe

Livingstone alikaa katika nyumba mbili ambazo sisi watu wa Maniema tungezitaja pamoja. Moja iko Kwihara, karibu na Tabora, Tanzania. Ilijengwa upya ikafanywa makumbusho. Nyingine ilikuwa kwetu Nyangwe, kando ya Lualaba. Alijengewa mwaka 1871, juu ile ya kwanza ilikuwa na wadudu wengi.

Ya Kwihara tulienda kuiona. Ni tembe: kuta nene za udongo, paa tambarare, milango ya kuchongwa. Mwenzetu mmoja akashangaa, "Kumbe potopoto tu, kama kwa nyanya yangu!" Mzee aliyetuongoza akacheka. Alitueleza kwamba Livingstone na Stanley walifika pale Februari 1872, Stanley akaondoka, mwenzake akabaki hadi Agosti. Kisha akauliza, "Na kwenu, wageni wangu, nyumba yake ipo?"

Haipo. Vita ya Waarabu ilipita pale 1893. Hinde, mganga wa askari wa Dhanis, aliandika kwamba mji wa watu karibu 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma, na kambi ya askari kuizunguka. Basi yule mzee hatukumweleza nyumba, tulimweleza soko.

Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa limejaa, wengi wakiwa mama waliovuka mto. Watu wa Dugumbe wakaanza kupiga bunduki katikati yao. Mama wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone, karatasi zimemwishia, aliandika hayo juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya porini. Wino ukafifia, hata wataalamu wakayapiga picha kwa mianga ya namna nyingi na kuyachapisha 2011. Siku tano baada ya mauaji aliondoka, na njia ile ndiyo iliyomfikisha Ujiji, halafu Kwihara.

Kati yetu wako wanaotaka nyumba ya Nyangwe nayo ijengwe, watalii waje. Hatukatai, ya Kwihara inapendeza. Lakini kama pesa ni ya ukuta mmoja tu, usimame pale soko lilipokuwa, uandikwe vijiji vya ng'ambo walikotoka wale mama, maana majina yao Livingstone hakutuachia. Wazee wanaovijua vijiji hivyo waulizwe mwaka huu, si mwaka ujao.