Kete Mikononi mwa Watoto wa Buyenzi

Msafiri ashukaye Bujumbura kwa barabara ya milimani huliona Ziwa Tanganyika kabla hajauona mji wenyewe. Lakini safari hii sikufuata ziwa. Nilikwenda moja kwa moja Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za Wabelgiji, nikawakuta wazee barazani na bao lao. Warundi nao wana mchezo wa jamaa hiyo, uitwao ikibuguzo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akiziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikimalizika huja mtaji, na hapo wazee hunyamaza.

Karibu nao alisimama mtoto wa miaka kama tisa, simu ya baba yake mkononi, akipanga matofali yaangukayo. Mchezo ule ni Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984. Nao, kumbe, umekwisha kuwa mzee.

"Mjukuu wangu," akasema mzee mmoja, "nifundishe huo wako, nami nikufundishe wangu."

"Haya, babu."

Babu alishindwa upesi, watoto wakacheka. Kisha akamjaza mtoto kete kiganjani, akamwongoza kidole shimo hadi shimo. Punde walikuwa watoto sita, kila mmoja akidai zamu.

Nimewahi kuliona bao kongwe ndani ya kabati la kioo, na tangazo la kukataza kugusa. Kwa mtoto, lile ni gogo lenye matundu tu. Huko Berlin wametambua hivyo: katika makumbusho ya michezo ya kompyuta, yaliyofunguliwa upya mwaka 2011, mgeni huruhusiwa kuicheza baadhi ya mitambo ya zamani.

Baba wa mtoto, askari polisi aliyekuwa likizo, alinieleza kuwa amehamishwa vituo vinne, na mwanawe hajapata kuishi na babu yake hata mwezi mmoja. Nani basi angemfundisha?

Likizo ilibaki siku tatu. Akamwuliza mzee, "Shikamoo tena, baba. Bao la kuchonga hupatikana wapi?"

"La nini kununua? Chimbeni mashimo nyuma ya kota, mwokote kokoto. Ila zihesabuni vema, zitimie 64."