Usiku wa perere juu ya Turiani

Vijana wengi wa Dar wakisikia habari za kupanda mlima, mawazo yanakimbilia Kilimanjaro. Wakisikia na bei, wanarudi zao Coco Beach kula mihogo. Kumbe Morogoro kuna milima ya kumwaga! Na siyo Uluguru peke yake, ile unayoiona ukiwa pale Msamvu. Ipo na Nguru, imesimama nyuma ya Turiani kama ukuta wa kijani.

Mwenzangu wa safari alikuwa binti yangu, miaka 13, katoka kumaliza mtihani wa darasa la saba. Begi lake zito kuliko langu. Biskuti tupu!

Kutoka Moro mjini mnakamata basi la Turiani. Pale Magole mnaiacha barabara ya Dodoma, mnakunja kulia. Mkianza kuona miwa kila upande, ujue mmeingia himaya ya Mtibwa, wale walionyakua ubingwa wa ligi 1999 wakarudia tena 2000, Simba na Yanga wakabaki kutumbua macho. Mtoto hakuamini hata kidogo.

Tulianzia Mhonda, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1877. Kibali mkononi, mwenyeji wa kutuongoza mbele. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia ya Mkingu, iliyotangazwa 2016, kwa hiyo huingii kama unaingia Kariakoo. Vijiji vya huko milimani navyo vina majina ya ajabu: kuna Maskati, kuna Pemba.

"Baba, yaani mtu anafika Pemba bila boti?"

Sasa malazi. Usitegemee vibanda vya watalii kama Mandara na Horombo kule Kilimanjaro. Sisi tulilala banda la shamba la bibi mmoja, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Kuta za udongo, moto katikati, na juu ya moto kichanja cha kukaushia iliki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunisaidia kuchuma?"

Tukala magimbi na maharage, tukashushia chai ya iliki. Acha kabisa! Ile tunayokunywa mjini ni maji ya moto tu.

Iliki inapenda kivuli. Zamani watu walifyeka vichaka, wakaiacha miti mikubwa, wakapanda chini yake. Baada ya miaka kadhaa mavuno yakipungua wanasogea ndani zaidi. Ukiutazama kwa mbali msitu ni mzima, kumbe ndani umeshaliwa. Siku hizi ndani ya mpaka ni marufuku. Na mito kama Diwale inatoka huko huko, inaingia Wami mpaka baharini Saadani. Ukiukausha msitu, huku bondeni watu watakunywa nini?

Lakini bibi naye ana yake. "Iliki ndiyo iliyosomesha wanangu. Sasa nimebaki na haka kashamba." Alisema taratibu, anageuza punje kwenye kichanja. Mwenyeji wetu akatazama pembeni. Mimi nikaomba chai nyingine.

Usiku, usiombe! Perere akaanza kupiga kelele juu ya mti. Ni kanyama kadogo tu, lakini sauti yake kama mtu anakabwa. Binti akahamia kwenye blanketi langu. Kimya kidogo, kisha:

"Baba, nikifaulu lazima niende bweni?"

Nyumbani jambo hilo lilikuwa limeshapitishwa na wakubwa. Nikamuuliza kwa nini hataki. Ana mdogo wake mwenye pumu.

"Akikohoa usiku naamka mimi. Nyie hamsikii."

Perere akapiga tena. Tuliongea mpaka moto ukabaki makaa.

Kesho yake ukungu ulifunika kila kitu. Kwenye mwamba wenye maji mwenyeji alituonyesha maua madogo ya zambarau. Jamaa zake wanauzwa Ulaya kwenye vyungu, wanapamba madirisha, wakati asili yao ni milima ya kwetu huku. Binti aliinama akayatazama muda mrefu, hakuchuma hata moja. Jioni tukarudi kwa bibi, usiku wa pili. Safari hii perere alipolia, mtu alicheka.

Tuliposhuka alinunua iliki ya bibi kwa hela yake ya biskuti. Msamvu, tukisubiri basi la Dar, nikampigia simu mama yake: ile hela ya fomu ya bweni asiitume kwanza.