Usipige Stata Kwanza

Trekta nyingi zenye maji kwenye oili zinafika gereji kwangu hapa Kibaigwa zikijiendesha zenyewe. Opereta yuko juu, utingo kaning'inia nyuma, na oili imeshakorogwa hadi imekuwa chai ya maziwa. "Fundi, gasketi ya hedi imeungua. Badilisha fasta, ekari za watu zinasubiri." Mwenye trekta yuko kwenye simu, anataka bei ya gasketi. Hakuna anayeuliza maji yamepita wapi.

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Kubadilisha gasketi ni jambo la siku moja. Kujua kama ni gasketi kweli, au ni ufa kwenye hedi, au oringi za laina, au tundu la kutu kwenye ukuta wa silinda, au ni maji ambayo hayakutoka hata kwenye rejeta, hapo ndipo wengi tunapoharibu hela za watu.

Nianze na hilo la mwisho. Mama mmoja mkulima wa upande wa Kiteto aliniletea Massey Ferguson 135, ile yenye Perkins ya silinda 3, baada ya fundi mwingine kumwambia atafute hedi nyingine. Nilifungua rejeta, maji yamejaa mpaka shingoni. Nikamuuliza anaongeza maji mara ngapi, akasema haongezi. Basi hayo yaliyomo kwenye sampo yametoka wapi? Bomba la moshi la trekta ile linatazama juu, na kifuniko chake kilikuwa kimekatika. Trekta ilikuwa imelala nje wakati mvua zinaanza. Maji ya mvua yanashuka na bomba, yanapita kwenye valvu iliyobaki wazi, yanaingia silinda, kisha taratibu yanapenya kwenye ringi mpaka chini. Tulitoa nozeli, tukazungusha injini kwa mkono, na maji yakaruka kwenye silinda moja. "Mama, hedi yako ni nzima. Tafuta kifuniko cha bomba." Hakuamini mpaka nilipomwonyesha. Bahati yake ni kwamba hakuna aliyeing'ang'aniza kwa stata, maana maji hayabanwi kama hewa: pistoni ikipanda ikayakuta yamejaa, konrodi inapinda.

Wapo pia wanaokuja wakilia maji kumbe ni dizeli. Kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imepanda, na wao wanaishia hapo. Kwenye injini hizi za Perkins, ngozi ya pampu ndogo ya dizeli ikichanika, au sili ya injekta pampu ikichoka, dizeli inashukia kwenye sampo. Oili inakuwa nyepesi, inanuka dizeli, lakini haibadiliki rangi kuwa nyeupe. Ukiwa na shaka, pasha kipande cha bati moto, dondoshea tone la oili. Yenye maji inachatika na kuruka. Isiyo na maji inafuka moshi tu. Na tafadhali angalia umepima oili ipi: maji ya mvua yakipenya kwenye mpira uliochanika wa gia liva, oili ya gia boksi na haidroliki inakuwa nyeupe, na injini haina kosa lolote.

Sasa tuseme ni maji ya rejeta kweli. Injini ikiwa inaunguruma, presha ya oili kwenye njia zake ni kubwa kuliko ya maji mara nyingi. Kifuniko cha rejeta cha Massey ya zamani kinashikilia psi 7 hivi, wakati oili inakwenda psi 30, 40 na zaidi. Kwa hiyo kama ufa umeunganisha njia ya maji na njia ya oili yenye presha, mchana oili ndiyo inaingia kwenye maji, na utaona utando wa mafuta ukielea kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili inakufa papo hapo, lakini maji bado ni ya moto na yamebanwa. Hapo ndipo yanaanza kupita. Yanaendelea usiku, watu wamelala.

Ndiyo maana opereta anaapa kwamba jana jioni oili ilikuwa safi, na anasema kweli. Akilima mchana kutwa, oili inapata moto na maji machache yanageuka mvuke, yanatokea kwenye bomba la kupumulia. Kwa wanaotumia maji matupu ndivyo ugonjwa unavyojificha, wiki kwa wiki, hadi siku beringi zinapogonga.

Kwa sababu hiyo kipimo changu cha kwanza ni kuiacha trekta ilale. Asubuhi, kabla mtu hajagusa ufunguo, nalegeza plagi ya kumwagia oili kidogo kidogo, chombo kikiwa chini. Maji ni mazito kuliko oili, yanakuwa yametuama chini kabisa, kwa hiyo yanatangulia kutoka, na unayaona yakiwa maji. Yakitoka na rangi ya kutu au ya kuleanti, mjadala umekwisha. Lakini ukiwasha kwanza, pampu ya oili inachanganya kila kitu na ushahidi umepotea.

Kinachofuata ndicho wateja hawapendi kulipia: kushusha sampo. Ya gari dogo ni bati. Ya Massey ni chuma cha kumwaga, kizito, na inabeba sehemu ya mwili wa trekta, kwa hiyo unapanga magogo na jeki kwanza. Ikishatoka, najaza rejeta, naweka kifuniko nilichokitoboa na kukifunga valvu ya tyubu, napampu kwa pampu ya baiskeli hadi psi 7, sizidishi. Nafuta chini kote kwa kitambaa kikavu, nalala kwenye boksi na tochi, nasubiri. Pengine dakika chache, pengine mpaka jioni. Tone likishuka ndani ya silinda, kando ya pistoni, ni juu: gasketi, hedi, au tundu kwenye ukuta. Likishuka upande wa kamshafti na tapeti, ni gasketi au ufa, au plagi ya maji iliyooza chini ya kava ya valvu kwa injini zenye plagi hizo. Likitokea nje ya laina, kati yake na bloku, ni oringi.

Valmet moja, katika zile zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980, ilishabadilishwa gasketi na mafundi tofauti kabla haijanifikia. Laina zake zinagusana na maji moja kwa moja, na chini zinazuiwa na oringi za mpira. Tone lilikuwa linashuka nje ya laina ya tatu. Gasketi zote zile zilikuwa hela ya bure. Tulipoitoa laina, ubavu wake ulikuwa na vishimo vya kutu vilivyokaribia kutoboka, kazi ya maji ya bwawa yasiyo na kuleanti kwa misimu mingi.

Hata ikiwa ni gasketi kweli, ipo sababu iliyoiunguza. Hedi iliyochemka inapinda. Ukifunga gasketi mpya juu yake bila kupima kwa rula ya chuma na fila, na bila kuipeleka kupimwa ufa kwa presha, msimu hauishi. Manjano na mayai ambayo watu hutia kwenye rejeta ili kuzuia maji kuvuja ndiyo kabisa: yanaziba mirija ya rejeta, injini inachemka, hedi inamalizikia hapo.

Najua msimu haungoji. Trekta ikisimama Desemba, mwenye nayo anapoteza ekari kila siku, na opereta naye halipwi. Lakini maji hayalainishi beringi, na krenki ikishakwaruzika unazungumzia ovahoo nzima, si gasketi tena. Ukiona oili imepanda au imepauka, zima hapo hapo, shambani. Usiijaribu, usiilete ikijiendesha. Ivute kwa trekta nyingine, iache ilale, na siku fundi anapolegeza ile plagi asubuhi uwe umesimama pale, uone kwa macho yako kinachotangulia kutoka.