Wajukuu Wanaotudai Hesabu

Sisi wazee wa Likasi na Mwadingusha, huku Katanga nchini Kongo, tumezoea kusema kwamba vijana hawajui kazi. Kazi tunaipima kwa king'ora cha kiwanda, mshahara na posho ya unga kutoka kampuni ya shaba. Kwa kipimo hicho, msanii ni mtu asiye na kazi. Mimi naona wasanii wa Katanga waliozaliwa miaka ya 1970 wamefanya kazi tuliyoikwepa sisi: kuidai shaba hesabu yake.

Kabla yao tulikuwa na wachoraji hodari. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya Hangar, Élisabethville (Lubumbashi ya leo), ambako waliingia Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Walichora samaki, ndege na wawindaji, picha zikasafiri hadi Ulaya. Kisha akaja Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947, aliyechora historia ya nchi juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuieleza kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Sebuleni mwetu tulitundika picha za nguva Mamba Muntu na picha za Colonie Belge, mfungwa akichapwa fimbo mbele ya Mzungu. Tulizitazama, tukakumbuka, tukanyamaza.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, hakunyamaza. Katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006, alichukua picha za zamani za vibarua na mabwana wa Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi ya ukoloni, akazisimamisha juu ya picha za viwanda vya Gécamines, kampuni ya dola iliyoirithi, vilivyoota kutu. Katika Essay on Urban Planning alipanga picha za Lubumbashi kutoka angani pamoja na wadudu, kutukumbusha enzi ambapo mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho. Ameigeuza shaba kuwa sanamu, na mwaka 2017 akaleta filamu inayoonyesha mafundi wa shaba kiwandani, ikisindikizwa na kwaya na maneno ya V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi. Mwenzake Jean Katambayi Mukendi, aliyesomea umeme, huchora taa na kuunda mitambo ya karatasi ngumu na nyaya.

Umeme huo unatuhusu sisi wa Mwadingusha. Mto Lufira ulizuiwa, ziwa Tshangalele likazaliwa, na tangu 1930 mitambo ya hapa ikaendesha viwanda vya shaba. Mwaka 2021 mitambo 6 ilikuwa imefufuliwa, megawati 78 hivi, kwa mkataba wa kuupatia umeme mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Bwawa lilipata fedha za kurudishiwa nguvu. Wenzetu zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa hiari, nguvu zao nani amezirudisha? Swali hili Baloji na wenzake wamelibeba hadi kwenye maonyesho ya sanaa ya Kassel na Venice.

Nina neno nao pia. Mwaka 2008 walianzisha kituo cha sanaa kiitwacho Picha, na kutoka hapo maonyesho makubwa ya Lubumbashi, na hilo ni jambo la heshima. Lakini filamu kuhusu shaba inapaswa kutazamwa na mjane wa mchimbaji kabla ya tajiri anayekusanya sanaa. Waje Likasi na Mwadingusha, watandike shuka jeupe ukutani, watuonyeshe.

Sisi nasi tuna deni. Wanaume wengi waliosimama katika zile picha za kampuni hawana majina, na wanaoweza kuwatambua ni sisi tuliobaki, tunaopungua kila mwaka. Mzee mwenzangu, kama una picha ya kazini ndani ya sanduku, itoe. Andika nyuma jina la kila mtu, kijiji alikotoka na kazi aliyoifanya, kisha umkabidhi mjukuu wako.