Bunduki ya Babu Iligoma

Katika hadithi tunazoandika sisi vijana, bunduki ina kazi moja tu: kulia. Mtu anaitoa chini ya kitanda ukurasa wa tatu, na ukurasa wa nne mwenzake yuko chini. Hakuna anayeisafisha. Hakuna inayogoma. Nami niliandika hivyo hivyo mpaka Juni 2016, nilipokwenda Tumati kumsalimia Babu, nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda, bunduki mapajani, hataki kusema na mtu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

Nilidhani kuna msiba. Kumbe msiba wenyewe ulikuwa mkono wake wa kulia.

Mwaka ule serikali ilikuwa inafanya uhakiki wa silaha nchi nzima. Kila mwenye leseni alitakiwa kuipeleka silaha yake polisi ikaguliwe, na siku zilikuwa zinakwisha. Babu alikuwa na kila kitu: kitabu cha leseni, risasi amezihesabu, hata koti la kuvalia siku hiyo limeshapigwa pasi. Tatizo ni bunduki, haifunguki. Yaani inafunguka, ila kwa mikono miwili na goti. Baba mdogo alikuwa ameshatoa hukumu: mzee kaisha nguvu, bunduki ikabidhiwe huko huko, tupumzike. Babu hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, maana mzee yule alikuwa anabishana hata na mvua.

Niieleze kidogo bunduki yenyewe. Si gobore. Ni raifoli ya bolti, tena ya kuundwa. Chuma cha katikati, pale inapoingia bolti, ni cha Mauser ya Kijerumani, ule mfano wa mwaka 1898. Mtutu ulifungwa mwingine baadaye, na kitako kikachongwa upya kwa kipimo cha bega la mwindaji aliyeiagiza. Babu aliinunua kwa mtu huyo miaka mingi iliyopita, kwa kibali, kwa sababu ya nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi na viazi vyake.

Sasa bolti ni komeo, basi. Fikiria komeo la mlango: unalisukuma mbele, kisha unalaza kishikio chake lisirudi. Ncha ya mbele ya bolti ina masikio mawili ya chuma. Ukilaza kishikio, masikio yanazunguka robo mzunguko na kujibana ndani ya pete ya chuma iliyo nyuma ya mtutu. Hayo ndiyo yanayozuia nguvu ya baruti isimrudie mpigaji usoni. Kwa hiyo bolti ikiwa ngumu, ujue kuna kitu inasema.

Baba mdogo yeye alikuwa ameleta mchi wa kinu. Naapa. Alitaka kuigonga.

"Baba mdogo, ngoja kwanza," nikasema.

"We umejua lini bunduki?"

Sikujua bunduki. Nilikuwa nimeshinda gereji ya pikipiki kule Babati miaka miwili, si zaidi. Lakini gereji niliona jambo moja: mteja akisema "ngumu", hajamwambia fundi kitu. Ngumu wapi? Ngumu saa ngapi? Nikamwuliza Babu maswali hayo. Akanitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto umri wa mkewe. Lakini akainuka. Akaifungua kwa goti lake, akatazama ndani, kisha akaingiza kidole kidogo kwenye chemba kuhakikisha hakuna risasi. Macho peke yake hayaaminiwi, alisema. Hilo alifundishwa KAR, ujana wake.

"Asubuhi ni ngumu zaidi," akasema. "Mchana inalegea kidogo."

"Unaipaka mafuta gani?"

"Ya kondoo."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Baridi ya Tumati mwezi Juni si ya mchezo; ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne, na mafuta ya kondoo yanaganda yakawa kama mshumaa. Tukaitoa bolti. Ndani kulikuwa na ugoro mweusi, mafuta na vumbi la miaka mingi. Tukausugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, tukafuta kwa kipande cha shuka, nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani ya Shangazi. Bolti ikaenda mbele na kurudi bila sauti. Hata Baba mdogo akasema, "Ehee!"

Kisha Babu akalaza kishikio. Kikagoma pale pale, mwishoni kabisa.

Akakitazama. "Umeona? Ni mimi."

Sijui ningejibu nini. Kilichoniokoa ni yeye mwenyewe, kwa sababu mzee akishakata tamaa huanza kusimulia. Akasema KAR walipewa raifoli ya Mwingereza, Lee-Enfield, ambayo hujikoki unaposukuma bolti mbele. Hii ya Mjerumani hujikoki unapoinua kishikio, springi inabanwa hapo. "Kwa hiyo kuinua kwake kuna ugumu wa kuzaliwa," akasema. "Lakini kulaza, hapana. Kulaza ilikuwa kama kumlaza mtoto."

Nikaruka. Basi ugumu wa kuinua ulikuwa na haki yake, angalau nusu yake. Ule wa kulaza, tena chemba ikiwa tupu, haukuwa na haki yoyote. Tukaangalia namba, maana bolti ya bunduki nyingine haifai hata kama inaingia. Zilikuwa sawa na za kwenye chuma. Ndipo nikakumbuka walivyokuwa wakifanya gereji wakitafuta mahali vyuma viwili vinapogusana vibaya. Nikaomba kibatari.

Nikayashika masikio ya bolti juu ya moshi mpaka yakawa meusi ti. Babu akairudisha, akalaza kishikio kwa nguvu yake yote, akainua, akaitoa. Masizi yalikuwa yamechujuka hapa na pale, kawaida. Lakini juu ya sikio la kushoto palikuwa na mstari mmoja mwembamba, unang'aa, kama umechorwa kwa sindano. Sikio hilo ndilo linalozunguka na kukaa juu bolti inapofungwa. Nikamulika ndani ya pete kwa tochi. Darini mwake, ncha ya skrubu ilikuwa imechungulia kama jicho la panya.

"Babu, hapa juu palikuwa na nini?"

"Darubini. Niliitoa mwaka juzi. Ilikuwa inaniletea nguruwe wawili mahali pa mmoja."

"Na skrubu hizi?"

"Nilizirudisha mwenyewe, maji yasiingie."

Hapo mambo yote yakaonekana. Skrubu zile zilikatwa ziwe na urefu wa kupita kwanza kwenye kibao cha chuma kilichobeba darubini. Kibao kimetoka, urefu ni ule ule. Babu aliikaza hiyo moja mpaka ikagoma, akadhani imefika. Ilikuwa imefika kweli: juu ya sikio la bolti. Miaka miwili mzee alikuwa anashindana na ncha ya skrubu, na sisi sote tukimhurumia kwa uzee.

Hakusema neno. Akachukua bisibisi mwenyewe, akaitoa, akaiweka kiganjani. Kisha akalaza kishikio kwa kidole kimoja, hiki cha shahada. Akainua. Akalaza. Nilihesabu mara kumi na moja. Bibi akauliza kutoka jikoni mchi wake uko wapi, na Baba mdogo akaondoka nao taratibu, ameuficha nyuma ya mgongo.

Shimo tuliliziba kwa nta ya nyuki. Mkwaruzo ulikuwa juu ya sikio, si kwenye uso wake wa nyuma unaobeba kishindo, lakini Babu alikata shauri kwamba haitalia tena mpaka fundi mwenye ujuzi aipime. Mimi wa pikipiki hakuniamini kiasi hicho, na alifanya vizuri.

Polisi alitakiwa kuifungua ionekane kuwa ni tupu. Aliifungua kwa mkono mmoja, polepole, akaishika hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inatosha, mzee," askari akasema.

Njiani kurudi, tumebanana kwenye gari, akaniinamia sikioni. "Nitaikabidhi. Si leo. Lakini nitaikabidhi mimi."

Aliikabidhi mwaka 2018. Alivaa lile koti. Baba mdogo alimbebea raifoli, imefungwa ndani ya turubai. Bolti aliibeba mwenyewe mfukoni.