Wamagana, Kwenye Migongo Isiyojua Mfalme

Matatu ya Wamagana haiondoki Nyeri mpaka ijae, na ikijaa bado makanga ataona nafasi. Mama aliyekaa kando yangu, kuku amempakata, alinitazama sweta yangu ya kipwani akacheka: "Hiyo si ya huku, mwanangu." Akanisogeza dirishani akalifunga, asije akaulizwa na wenyewe Mombasa.

Nje ya mji ni kupanda na kushuka. Nchi ya Tetu ni migongo mirefu inayoteremka kutoka Nyandarua, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde lenye mto wake. Kahawa iko chini, chai iko juu. Hewa inanukia moshi wa kuni na udongo mwekundu uliolowa, na udongo huo hung'ang'ania viatu mpaka unatembea kama umefungwa mawe. Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, asubuhi hiyo hakuonekana kabisa. Nilionyeshwa wingu nikaambiwa, yumo humo.

Kituo chenyewe ni kidogo: maduka, bodaboda, soko, ofisi za serikali. Hotelini niliagiza mukimo. Ulikuja wa kijani cha majani ya maboga, punje za mahindi zikichungulia, mchuzi wa nyama pembeni, na chai ya maziwa yenye moto wa kuunguza ulimi. Nilipomaliza niliongezwa bila kuomba. Kukataa kulionekana utovu wa adabu, nami sikutaka ugomvi.

Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya aliuliza natoka wapi. Nikasema pwani, kwetu tulitawaliwa na masultani. Mfalme wa huku alikuwa nani? Meza nzima ikacheka. "Kila mgongo ulikuwa na wazee wake," akasema. "Kuingia kiama, baraza la wazee, unatoa mbuzi. Na muda ukifika, unawapisha wengine."

Huko kupisha ndiko ituika. Kizazi cha Mwangi kilishika mambo ya nchi kwa muda wa karibu miaka 30, kisha kikakiachia kizazi cha Maina. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, alisimulia kwamba hapo kale alikuwepo mfalme mkatili, wananchi wakamwangusha na kuapa kutawala kwa mabaraza. Iwe historia au hadithi, watu wanaojisimulia hivyo wanajua wanachokikataa. Kwingine mambo yalikuwa tofauti: mnamo 1682 Mfalme Louis wa 14 alihamishia serikali yake Versailles na kuwaweka makabaila wa Ufaransa chini ya macho yake. Mnamo 1837 Sultani Seyyid Said aliitwaa Mombasa yetu. Wote wawili walikuwa na hazina na askari wa kulipwa. Huku ardhi ilikuwa ya mbari, na vijana wa vita walirudi kwa mama zao kula. Hata Wang'ombe wa Ihora, aliyeogopwa Nyeri nzima, hakuwa na kiti cha enzi cha kumrithisha mtu.

Mamlaka ya mtu mmoja yaliletwa. Desemba 1902 Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, alikuja na bunduki kuwaadhibu watu wa Tetu, ngome ya Nyeri ikajengwa. Sheria ya mwaka huohuo ikaleta mkuu wa kuteuliwa, na baada yake chifu: akusanye kodi ya kibanda, atoe vibarua, ajibu kwa bwana DC tu. Naona huo ulikuwa ufalme mbaya kuliko wa Louis, maana Louis angalau aliishi kwa hofu ya makabaila wake. Ituika iliyokusudiwa miaka ya 1920 haikukamilika. Nderi wa Wang'ombe, chifu, aliuawa Oktoba 1952, siku chache baada ya hali ya hatari kutangazwa, na kijana wa Tetu aliyezaliwa 1920, Dedan Kimathi, akaingia msituni kupigana na Waingereza.

Alasiri mvua ilitunasa chini ya baraza la duka, mzee akiendelea. Alinikumbusha kichekesho cha historia: Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala katika hoteli ya Treetops, katika msitu huohuo wa Nyandarua, baba yake akafa usiku huo. Nchi isiyo na mfalme ndiyo iliyowapa Waingereza malkia.

Ukienda, chukua sweta ya kweli na viatu vya matope, nenda na njaa, na ukae na wazee. Matatu ya kurudi nayo itakungoja mpaka ijae.