Pesa ya Mgeni Ambaye Hajafika

Katika kazi ya kukodisha nyumba kwa siku hapa Nyali, Mombasa, swali gumu kuliko yote si la bei wala la usafi wa mashuka. Ni hili: pesa aliyotuma mgeni ambaye hajalala hata usiku mmoja ni ya nani?

Ni rahisi kujibu kwamba ni ya mwenyeji. Imeingia kwenye M-Pesa yake, tarehe zimefungwa, na waliozitaka baadaye wameambiwa nyumba imejaa. Mimi naihesabu kuwa amana. Airbnb nayo hupokea malipo ya mgeni mapema, lakini kwa kawaida humtumia mwenyeji fungu lake yapata saa 24 baada ya mgeni kuingia. Wanaonitafuta moja kwa moja kwa WhatsApp, arubuni yao naiweka kando, siigusi mpaka wapokee ufunguo. Mwenyeji aliyekwisha kulipia karo kwa pesa ya mgeni hawezi tena kumsikiliza mgeni huyo. Hata sababu ya kweli ataiona hila, kwa kuwa hana cha kurudisha.

Amana ikiwa salama, moyo hupata nafasi ya kupima, maana maombi ya kurejeshewa pesa hayafanani.

Kuna anayeghairi siku mbili kabla ya Krismasi kwa sababu amepata nyumba ya bei nafuu zaidi. Msimu huo familia za bara hushuka pwani kwa treni na magari, na nyumba iliyoachwa dakika ya mwisho ni hasara kamili. Huyo nilimwandikia masharti kabla hajatuma hata shilingi, akayakubali. Kuyashikilia si ukatili. Dada anayenisaidia usafi hulipwa kwa siku, na siku aliyoniwekea mimi amewanyima wengine. Pesa inayobaki humlipa na yeye. Mtu huyohuyo akighairi mwezi wa Mei, mvua za masika zikinyesha na nyumba nyingi zikikaa tupu, naweza kumrudishia zaidi ya nilichoahidi, kwa sababu hasara yangu ni ndogo.

Kuna aliyefika, akakuta mifereji mikavu na boza la maji halijaja mpaka usiku. Kumrudishia huyu si wema wangu, ni haki yake. Alilipia nyumba yenye maji, na usiku ule hakuipata. Wala asingojewe mpaka aombe.

Halafu kuna ujumbe unaokuja alfajiri: "Dada, tumefiwa na mama. Hatutaweza kuja tena." Hapo pole hutangulia, hesabu hufuata. Masharti yananiruhusu kukataa, lakini kuruhusiwa si kulazimika. Mafakihi wamejadili arubuni kwa karne nyingi. Walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa sana katika pwani hii, hawakubali muuzaji aizuie mnunuzi anapojitoa, ilhali Imam Ahmad bin Hanbal aliijuzisha. Hata hivyo, kumfungua mtu kutoka kwenye mapatano yaliyomwelemea ni jambo linalosifiwa.

Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga anga, Airbnb iliwaruhusu wageni wengi kughairi na kurejeshewa pesa zote, hata pale masharti ya mwenyeji yaliposema vinginevyo. Wenyeji duniani kote walilia. Mwisho wa mwezi huo mkuu wa kampuni, Brian Chesky, alitangaza dola milioni 250 za kuwafidia sehemu ya hasara, akaomba radhi. Radhi yenyewe haikuwa ya kuwarejeshea wageni. Ilikuwa ya kutangaza uamuzi bila kuwashauri wenyeji kama washirika. Hapo pana funzo kwa pande zote mbili: hasara huvumilika, ila kupuuzwa huacha kinyongo. Mgeni anayeniarifu mara tu safari inapoyumba ananipa nafasi ya kutafuta mwingine. Nami nikimjibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni hapana, nimemheshimu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari langu, haki ina ukurasa wake na hisani ina wake. Anachodai mgeni kwa haki nalipa bila kinyongo, na ninachompa kwa hisani sikitoi kwa kuogopa atanipa nyota chache.

Wenyeji si sisi peke yetu tunaoshika vya watu kabla ya kuvitolea jasho. Fundi hupokea pesa za vifaa, mweka hazina hupokea michango ya harusi, kiongozi hupokea kura. Anayekumbuka kwamba alichoshika bado ni amana anaweza kukirudisha bila uchungu, na inapobidi, kukataa bila hasira.